Msanii Akisema Anakupenda

Kwa Kiswahili cha mitaani Dar es Salaam, msanii ni watu wawili. Wa kwanza yumo kwenye kamusi: mwimbaji, mchoraji, mwigizaji, mtu wa sanaa. Wa pili anapatikana kijiweni: mtu wa maneno matamu na vitendo haba, anayeahidi Jumatatu na kuzima simu Jumanne. Fundi aliyekula hela yako ya kabati ni msanii. Mwanamume anayesema tangu mwaka juzi kwamba mwezi ujao atakuja kujitambulisha kwa wazee, huyo ndiye msanii mwenyewe. Kazi yake inaitwa usanii.

Nimeanzia kijiweni kwa sababu neno hilo moja linafungua kufuli la aina fulani ya riwaya ambazo wasiozisoma huzishangaa. Ni riwaya za mapenzi ambazo mwanamume wake ni nyota wa roki. Nyingi huandikwa Marekani, Uingereza na Australia, na wasomaji wake wengi ni wanawake. Ukisikia hivyo unadhani hadithi unaijua: gitaa, suruali ya ngozi, chupa, hoteli, na binti anayeanguka kifuani mwa mtu ukurasa wa 20. Zipo za namna hiyo, tele. Lakini kuna tawi la riwaya hizi ambalo wasomaji wake hulirudia mara ya tatu na ya nne, nalo linakwenda polepole kupita kiasi. Kurasa 300 zinapita hakuna aliyembusu mwenziwe. Nyota anayejaza viwanja anamaliza sura nzima akitafuta dawa ya kikohozi saa nane za usiku, katika mji asioujua, kwa ajili ya msichana anayeuza fulana za bendi. Na msomaji, kitandani, simu usoni, pumzi imemkata.

Kwa nini? Na kwa nini roki, muziki wa makelele na vioo kuvunjika, ndio uzae hadithi za upole kiasi hiki?

Jibu la haraka ni kwamba wasomaji wanaota umaarufu na pesa. Siliamini. Kama ni pesa, riwaya za mabilionea zinajaza rafu, na bilionea hamlazimishi mtu kulala kwenye basi la ziara ya muziki. Mimi nadhani jibu limo kwenye lile neno la kijiweni. Mwimbaji ni mtu ambaye ajira yake ni kusema "nakupenda". Analisema usiku huu mbele ya watu 20,000, na kesho atalisema mji mwingine kwa sauti ileile, akifumba macho mahali palepale pa wimbo. Likitoka kinywani mwake, neno hilo ni kama noti zilizochapishwa mno: ziko nyingi na hazinunui kitu. Akitaka kuaminiwa na mtu mmoja, inabidi alipe kwa kitu kingine, na kilichobaki ni vitendo vidogo vinavyorudiwa bila ya mtu kupiga makofi. Vitendo vya namna hiyo havina njia ya mkato. Kila sura inayopita bila busu ni ushahidi mwingine uliowekwa mezani.

Wanaopika wali wa nazi wanaijua hali hii. Maji yakikaribia kukauka unapunguza moto wa chini, unafunika sufuria, unapalia makaa juu ya mfuniko. Kuanzia hapo hakuna cha kutazama. Wali unaiva kwa joto la juu na la chini kwa pamoja, na mwenye kiherehere cha kufunua kila dakika anauharibu. Kwa hiyo hizi riwaya za polepole nitaziita riwaya za kupalia, kwa kuwa sijapata jina bora.

Wazimu wa mashabiki ni mkongwe kuliko gitaa la umeme. Katika miaka ya 1840 mpiga piano Franz Liszt, mzaliwa wa Hungaria, alizunguka Ulaya akiacha kumbi zimepagawa. Wanawake waligombea glavu na leso zake. Mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine, akiandika kutoka Paris, aliupa wazimu huo jina lake: Lisztomania. Zaidi ya karne moja baadaye, Agosti 1962, John Lennon alimwoa Cynthia Powell katika ofisi ya msajili mjini Liverpool, na meneja wa bendi yake ya Beatles, Brian Epstein, akataka ndoa hiyo isitangazwe. Nyota mwenye mke, ilidhaniwa, angewavunja moyo mashabiki wa kike. Litafakari hilo kidogo. Maelfu ya wasichana walikuwa na penzi na Lennon wa kwenye picha. Mmoja alikuwa naye nyumbani, akimzalia mtoto, na huyo ndiye aliyetakiwa asionekane. Riwaya za leo bado zinachota kwenye kisima hicho.

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza uhusiano wa upande mmoja ambao mtazamaji hujenga na mtu wa kwenye televisheni: anamzoea, anahisi wanazungumza, anamjua kama jirani, ilhali yule wa upande wa pili hana habari kwamba yupo. Kila shabiki ana uhusiano wa namna hiyo. Riwaya ya nyota wa roki inachofanya ni kuuchukua uhusiano huo wa upande mmoja na kuuliza: ingekuwaje upande wa pili nao ukafunguka? Na hapo mwandishi anakutana na tatizo kubwa. Msomaji si mjinga. Anajua kwamba mtu anayefuatwa na dunia nzima hana sababu ya kumwona binti wa kuuza fulana. Umfanye ampende ukurasa wa 20, msomaji atacheka. Huo ni usanii. Ili aamini, inabidi apewe muda na apewe hoja.

Sisi wa pwani tuna mfano wa karibu wa mtu kuwa wawili. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaondoka kisiwani na familia yake mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Julai 1985 pale Wembley aliuchezesha uwanja mzima kwa sauti na mkono mmoja. Waliomfahamu nje ya jukwaa walimweleza kama mtu wa haya. Sitaki kumgeuza marehemu kuwa mhusika wa riwaya, ila mpasuko huo, wa simba jukwaani na mtu mpole sebuleni, ndio mtaji wa aina hii yote ya hadithi. Shabiki ana simba. Mwanamke wa riwaya anapata yule wa sebuleni, tena kwa kipimo cha kijiko cha chai.

Basi, pazia na saa 22

Onyesho la roki huchukua saa moja na nusu, pengine mbili. Siku ina saa 24. Zilizobaki ndizo riwaya.

Asiyewahi kufikiria maisha ya ziara hudhani ni sherehe isiyokwisha. Ukweli wake ni kusubiri. Basi la ziara la Marekani kwa kawaida lina vitanda kama 12, vimepangwa juu kwa juu mithili ya droo, kila kimoja na pazia lake. Mbele pana kijisebule, nyuma kingine, na choo kimoja chenye masharti: haja kubwa haiendwi humo, sharti ambalo waandishi hawachoki kulitania. Bendi inamaliza usiku, mafundi wanapakia vyombo kwenye malori, basi linaondoka watu wamelala, na asubuhi mnaamka kwenye maegesho ya nyuma ya ukumbi mwingine katika mji mwingine. Kisha mnasubiri. Saa kumi jioni mnapima sauti. Kisha mnasubiri tena. Aliyewahi kufuatana na bendi ya dansi mikoani atalitambua hilo mara moja: nusu ya muziki ni kukaa juu ya maboksi.

Kwa mwandishi wa mapenzi hakuna mtambo mzuri kuliko huu. Wawili hawawezi kuachana kwa sababu basi ni moja. Hawawezi kukaribiana kwa sababu pazia ni jembamba na wenzao kumi wana masikio. Wanaonana wakiwa na tongotongo, wakiwa wamefura kwa mafua, wakiwa hawajaoga siku mbili. Urembo wa jukwaani hauvuki mlango wa basi. Mariana Zapata, Mmarekani ambaye jina lake hutajwa haraka kila wapenzi wa mapenzi ya polepole wanapobishana, aliutumia mtambo huo kwenye riwaya yake ya 2015, Rhythm, Chord & Malykhin: binti anafuata ziara ya bendi ya kaka yake ili auze fulana, na mwimbaji wa bendi nyingine anakuwa kwanza mtani, kisha rafiki, kisha rafiki sana, kabla ya kuwa kingine chochote.

Kazi hiyo ya kuuza fulana haikuchaguliwa ovyo. Mwenye meza ya fulana yuko upande wa duka. Sura ya nyota iliyochapwa kwenye fulana, ambayo wengine wanaililia, yeye anaikunja, anaipanga kwa saizi, anaitoza bei, anarudisha chenji. Kila usiku anaona thamani yake kwa macho ya wateja, kisha anarudi ndani ya basi na kumkuta anatafuta soksi. Sidhani kuna nafasi bora ya kumtazama mtu.

Kesi isiyo na wakili

Nyingi kati ya zile ninazoziona bora husimuliwa na mwanamke peke yake, kwa nafsi ya kwanza. Kichwa cha mwanamume kimefungwa. Hatujui anawaza nini. Tunaona anafanya nini. Wengi huliona hili kama uchache wa ufundi, na siku hizi waandishi wengi hugawa sura, moja yake, moja ya bibie. Kwa maoni yangu wanajikata mguu. Ukishaingia kichwani mwa nyota na kumsikia akikiri sura ya tatu kwamba moyo umemwenda mbio, kesi imekwisha, kilichobaki ni kusubiri wahusika waambiane.

Kichwa kikiwa kimefungwa, msomaji anageuka mpelelezi. Chukua mfano ninaoutunga sasa hivi. Sura ya nne, watu wanakula baga kituo cha mafuta, na binti anasema kwa kupita tu kwamba kitunguu kibichi kinamtia kichefuchefu. Mazungumzo yanahamia mpirani. Sura ya 11, mji mwingine, yule mwimbaji ndiye aliyetumwa chakula. Baga ya binti haina kitunguu. Hakuna anayesema lolote. Msimulizi mwenyewe anajisemea labda wamesahau kukiweka. Msomaji anarusha simu kitandani. Sura ya 17 tunagundua kwamba ile siti ya dirishani, ambayo bwana huyo alikuwa akiigombea na mpiga ngoma wake kila siku, ameiacha tangu binti aliposema anatapika akikaa katikati. Hakuna neno la mapenzi hata moja hapo. Kuna kitunguu na siti. Ila ukimuuliza msomaji, atakuapia kwamba mtu huyo amekwisha.

Ladha yake iko hapo: msomaji anajua kabla ya msimulizi. Na akirudia kitabu mara ya pili, anaona kwamba kitunguu hakikuwa cha kwanza. Kuna jambo sura ya pili alilipita bila kuliona. "Kumbe!" Wanaorudia riwaya hizi wanaifuata hiyo kumbe. Hata kwetu mapenzi yaliwahi kusemwa kwa kuzunguka. Kanga ilisema kile ambacho mdomo haukuthubutu, na mpokeaji alijua kusoma.

Kuna upande wa kisaikolojia pia. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wasiojuana waliwekwa wawili wawili, wakapewa maswali 36 yaliyopangwa kutoka mepesi hadi mazito, wayajibu kwa zamu kwa muda wa dakika 45 hivi. Walijihisi karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya soga za kawaida. Kinachofanya kazi ni mambo mawili: ngazi na zamu. Nafungua kidogo, unafungua kidogo. Kesho tunapanda daraja moja. Ukimwaga siri zako zote siku ya kwanza, mwenzio anasogeza kiti nyuma.

Sasa mweke nyota kwenye ngazi hiyo. Siri zake za madaraja ya chini zimeshauzwa. Jina la mama yake, shule aliyofukuzwa, gitaa la kwanza alilonunuliwa na babu, yote yamo kwenye mahojiano, na ameyasimulia mara nyingi hadi yamekuwa kama kibwagizo. Waandishi wenye jicho hulijua hili. Bwana anaanza kusimulia habari za lile gitaa la babu, kwa mapozi yaleyale, na binti, aliyewahi kuyaona mahojiano hayo, anamalizia sentensi yake. Kimya. Amekamatwa akifanya onyesho ndani ya basi. Akisema chochote baada ya hapo, lazima kiwe kitu ambacho hajawahi kukisema popote, na yeye mwenyewe hajui kitatokaje. Kwangu, ukurasa huo una joto kuliko busu lolote.

Nani humbembeleza mbembelezaji

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kubembeleza, kwa mambo mawili: mama kumtuliza mtoto alale, na mtu kumwomba mpenzi wake kwa upole. Wanaozungumza lugha hii huenda hawaoni ajabu yoyote hapo. Lakini mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani Janice Radway alichapisha kitabu kizima, Reading the Romance, kilichofika karibu na kitenzi hicho kwa njia ndefu. Alikwenda kwa kundi la wanawake wa mji mmoja wa katikati ya Marekani, wengi wao wake na mama wa nyumbani, waliokuwa wakinunua riwaya za mapenzi kwa ushauri wa muuza vitabu mmoja waliyemwamini. Wakamwambia kwamba kusoma ni saa yao: mlango umefungwa, watoto wasiulize chakula. Wakamwambia pia wanachotaka kwa mwanamume wa kitabuni: akili, ndiyo, na ucheshi, pamoja na upole kwa mwanamke. Radway akaeleza hivi: wanawake hawa huwalea watu wote wa nyumbani, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwalea wao. Riwaya inampa msomaji, kwa saa chache, mtu wa kumlea.

Tangu hapo dunia imebadilika na wasomaji wamebadilika. Wengi wana kazi za ofisini, wengine hawana mume na hawamtaki. Lakini hoja ya kulelewa haijachakaa. Tazama vitendo vinavyowafanya wasomaji wa riwaya za kupalia wapige mistari: kumshikia nywele mtu anayetapika, kukaa naye hospitali bila kugusa simu, kumchaji simu yake, kumletea soksi kavu, kujua kwamba akikaa kimya hivi amechoka na akikaa kimya vile ameudhika. Ni kazi za mama, na mwenye kuzifanya ni mtu ambaye mkataba wake unasema kila kitu aletewe: maji ya aina hii, taulo za rangi ile. Bendi ya Van Halen ilijulikana mno kwa sharti la mwaka 1982 la kutaka bakuli la peremende za M&M's lililotolewa zote za kahawia. Mtu aliyezoea kutolewa peremende asizozipenda akianza kumtolea mwingine kitunguu, msomaji hahitaji kuelezwa kilichobadilika. Mwalimu wa shule akikuletea soksi ni mtu mwema tu. Nyota akileta, amevuka bahari.

Naam, ndoto. Wanaozibeza riwaya hizi huishia hapo, kana kwamba wamefumua siri. Hadithi zetu zilianza na kiitikio "uongo njoo, utamu kolea", na hakuna aliyedhani amedanganywa. Angalia hata kitenzi kilichochaguliwa. Utamu haufiki wala hauanguki. Unakolea, kama chumvi kwenye nyama iliyolala nayo usiku kucha.

Mwisho unajulikana toka mwanzo, na huo nao ni mpango. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1980, kiliweka masharti mawili ya riwaya ya mapenzi: penzi liwe ndilo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Raha mustarehe, kama tunavyosema. Msomaji haulizi kama watapatana. Anauliza kitakachomshawishi binti, na lini. Vifaa vya kusomea vinaonyesha asilimia ya kitabu iliyosomwa, basi wasomaji wamezoea kuulizana kwa lugha hiyo: busu liko asilimia ngapi? Sitini na tano? Wengine hukimbia. Wengine ndipo wanaponunua.

Pesa, maji ya kuongezea, na yale yasiyosemwa

Riwaya hizi zisingestawi katika maduka ya zamani, ambako mchapishaji wa vitabu vya mfululizo alipanga idadi ya kurasa na tarehe ya kutoka. Mlango ulifunguliwa na mtandao. Mwaka 2007 Amazon iliruhusu waandishi wajichapishie wenyewe vitabu vya kielektroniki. Mwaka 2009 likafunguliwa ghala la hadithi za mashabiki, Archive of Our Own, ambako kila hadithi hubandikwa lebo za yaliyomo, na mwendo wa polepole ni lebo mojawapo, kwa hiyo msomaji anaitafuta kama anavyotafuta saizi ya kiatu. Mwaka 2013 Anna Todd alianza kumwaga sura za After kwenye Wattpad, mtandao wa kubandika na kusoma hadithi; ilikuwa hadithi ya shabiki iliyochukua sura ya Harry Styles, mwimbaji wa bendi ya One Direction. Mwaka uliofuata ilikuwa kitabu cha kampuni kubwa, na 2019 ikawa filamu. Ile si ya kupalia hata kidogo, ni moto wa petroli. Lakini ilithibitisha kwa wachapishaji kwamba shabiki anayeandika habari za mwanamuziki wake ana wasomaji wanaohesabika kwa mamilioni.

Kisha kuna hesabu ya ukurasa. Julai 2014 Amazon ilianzisha Kindle Unlimited, msomaji analipa kwa mwezi na kusoma atakavyo. Julai 2015 ikabadili malipo ya mwandishi: analipwa kwa kila ukurasa uliosomwa, kiasi ambacho kwa kawaida hakifiki nusu senti ya dola. Piga hesabu. Kitabu cha kurasa 200 kikisomwa chote hakimpi mwandishi hata dola moja. Cha kurasa 600 kinavuka dola mbili. Sisemi kwamba polepole ilibuniwa na mhasibu, maana walikuwepo waliokuwa wakiandika hivyo kabla. Nasema mhasibu hakuizuia.

Na hapo ndipo wali huharibika. Mwandishi asiye na ushahidi wa kuongeza anaongeza maji. Utaona ugomvi wa sura sita ambao ungeisha kwa simu moja ya dakika tano. Utaona mpenzi wa zamani anatokea ghafla hotelini akiwa na taulo. Utaona binti anaambiwa na watu wanne tofauti kwamba anapendwa na bado anasema sidhani. Kipimo changu ni chepesi: nikifuta sura hii, je, sura ya mwisho itaaminika pungufu? Kama haipungui chochote, niliuziwa kurasa.

Kuna pia yale ambayo riwaya hizi huyafuta kwa kitambaa safi. Historia halisi ya roki ina wasichana wadogo mno nyuma ya majukwaa, ina wanaume waliolindwa na mameneja na mawakili, ina dawa za kulevya zisizokwisha kwa wiki tatu za kituo cha tiba na wimbo mmoja wa toba. Riwaya za haraka huugeuza mkono wa nguvu wa nyota kuwa mvuto. Yeye hutaka, yeye huchukua. Za kupalia zina dawa ya sehemu ya tatizo hilo, na nadhani wasomaji wanaihisi hata wasipoitaja. Muda unampa mwanamke nafasi ya kukataa, na kukataa huko kukakubaliwa, na kesho yake chai ikaletwa vilevile. Ila dawa ni ya sehemu tu. Basi bado ni la bwana, mshahara wa binti bado unatoka kwenye bendi, na waandishi wachache mno humuuliza angekula wapi kama angesema hapana mpaka mwisho.

Kosa ninaloshindwa kulisamehe, hata hivyo, liko kwenye kurasa kumi za mwisho, na hata waandishi hodari hulifanya. Baada ya kurasa 500 za soksi na vitunguu, bwana anasimamisha onyesho. Taa zinazimwa, inabaki moja. Anashika kipaza sauti, anamwita binti kwa jina, anamwambia anampenda mbele ya watu 20,000, na watu wanalia. Hapo ametumia tena zile noti zilizochapishwa mno, na ametuomba tuzipokee. Hao 20,000 walishaambiwa hivyo na mtu huyuhuyu, mwaka jana, katika wimbo wa tatu.

Niliyoipenda kuliko zote mwaka huu haikufanya hivyo. Ziara imekwisha, wamerudi kwenye nyumba ya mtu mmoja kati yao, kuna vyombo havijaoshwa. Bwana anasimama mlangoni, koti mkononi, anasema jambo hilo kwa sauti ndogo sana, sentensi moja isiyo na kina wala vina. Binti anamtazama. Kisha bwana anaona aibu, anageuka, anauliza kama gesi imezimwa.